Kabla ya Kuuliza Vitanda, Uliza Tanga na Farumi

Mteja akiniletea tanga lililochanika, simuulizi jina la mashua wala rangi yake. Namuuliza namba nne. Mgeni aliyefika kutoka Ushelisheli au Madagaska na yoti yake mwenyewe hunitajia palepale, wengine bila hata kufungua daftari. Lakini mwenyeji aliyenunua yoti kuukuu kwa bei ya kutupa, akitaka kuwatembeza watalii jioni, hunikodolea macho kana kwamba nimemwomba namba ya siri ya benki. "Mzee," huniambia, "ni ya futi thelathini na nne hii, inalala watu sita."

Inalala watu sita! Jibu hilo nimelisikia hapa Mtwapa hata nimeona afadhali nilijibu gazetini. Anayenunua mashua ya matanga kwa kuhesabu vitanda amenunua nyumba ya wageni, kisha anaipeleka mahali ambapo upepo ndio mwenye nyumba.

Kazi yangu ni kushona matanga. Baba yangu alishona ya majahazi kule Lamu, kwa kitali na sindano ya pembe tatu, tanga zima limetandazwa uwanjani na watoto tumekatazwa kulikanyaga. Mimi nashona dakroni kwa mashine. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha yaliyoharibiwa na jua letu, ambalo huuua uzi kabla ya kitambaa: tanga ukilitazama kwa mbali ni zima, ukivuta mshono kwa kidole unafumuka wote. Kwa hiyo mashua za kila aina hupita mikononi mwangu, angalau vipande vyake, na baada ya miaka mingi ya kuvitazama vipande hivyo nina maoni.

Mashua ninazozipenda kuliko zote ni zile zilizochorwa kwa kazi mbili: mwisho wa juma zishindane, siku nyingine zichukue familia safari ya mbali, na jiko, na choo, na maji ya kunywa ndani yake. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, hunicheka. Huniambia mshika mbili moja humponyoka. Mashua ya mbio iwe ya mbio na ya safari iwe ya safari. Methali nzuri, lakini aliyeitunga hakuwa baharia. Mashua za Lamu zinazopakia mchanga na mawe siku za kazi ndizo hizohizo zinazopakwa rangi na kupangwa mstari siku za Maulidi, mabaharia wamekaa juu ya ubao uliochomozwa upande wa joshi ili mashua isilale. Hakuna aliyewahi kuwaambia wenyewe wachague moja. Mashua inayojua kushindana ndiyo inayojua kurudi nyumbani, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuzimalize zile namba.

Huandikwa kwa herufi, na herufi hizo ni zilezile dunia nzima: P, E, I na J. P ni urefu wa ukingo wa mbele wa tanga kuu, ule unaopanda sambamba na mlingoti, kuanzia kwenye bumu hadi juu tanga linapoishia. E ni ukingo wa chini wa tanga hilohilo, kutoka mlingotini hadi karibu na ncha ya bumu. I ni kimo: kutoka sitahani hadi pale jarari ya tanga la mbele inapopita juu mlingotini. J ni umbali wa sitahani, kutoka mlingotini hadi waya wa mbele unapofungwa omoni. Zidisha P kwa E, ugawe kwa mbili. Zidisha I kwa J, ugawe kwa mbili. Jumlisha. Hapo umepata eneo la matanga la yoti yoyote ya mlingoti mmoja, na unaweza kuilinganisha na nyingine hata kama moja imechorwa na Mwingereza na nyingine na Mmarekani.

Chukua mfano wa J/105, mashua ya Kimarekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyochorwa na Rod Johnstone, yuleyule aliyeunda mashua yake ya kwanza maarufu ndani ya gereji ya nyumba yake. J/105 ina urefu wa mita 10.52. P yake ni mita 12.57, E ni 4.50, I ni 12.34 na J ni 4.11. Tanga kuu basi ni karibu mita 28 za mraba, na pembetatu ya mbele ni mita 25 na kidogo. Jumla, mita 53 na nusu hivi. Fundi anayejua kusoma namba hizo ameshaiona mashua kabla haijafika: tanga kuu ni kubwa kuliko la mbele, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuiendesha, maana tanga kuu hukaa kwenye bumu lake wala halihitaji kuvutwa upya kwa winchi kila mnapobisha. Upepo wa nyuma ukija wanatoa dasturi ya kaboni iliyofichwa ndani ya omo na kupandisha tanga jepesi. Mashua za mbio na safari zilizofuata ziliuiga sana mpango huo wa dasturi ya kuingia na kutoka.

Sasa iweke kando ya Contessa 32 ya Uingereza, iliyochorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers kule Lymington kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zimeundwa zaidi ya 700. Urefu wake ni mita 9.75, lakini ikiwa majini imesimama, sehemu inayogusa maji ni mita 7.32 tu. Upana ni mita 2.90. Mpango wa matanga ni kinyume: tanga kuu ni dogo na jembamba, na la mbele ni jenoa kubwa linalopita mlingoti na kurudi nyuma karibu na anapokaa nahodha. Nimewahi kushona la mojawapo iliyopita hapa ikielekea kusini. Jenoa lile lilijaza karakana yote, nikalazimika kulisukuma hadi barazani, na jirani muuza mahamri akahamisha meza yake.

Kwa nini watu wenye akili walitengeneza mashua ambayo nguvu yake yote iko kwenye tanga gumu kuliko yote kulidhibiti? Jibu halimo baharini. Limo katika kanuni za mashindano. Mashua za mbio hazilingani ukubwa, kwa hiyo waandaaji hupima kila moja na kuipa alama, kisha muda wake wa mbio hupunguzwa au kuongezwa kwa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Waingereza na Wamarekani waliunganisha kanuni zao kuwa moja ya kimataifa, iliyojulikana kwa kifupi kama IOR. Kanuni hiyo ilipima pembetatu ya mbele, ile I na J, lakini jenoa likizidi pembetatu hiyo kwa nusu yake, ziada ile haikuongezewa adhabu. Ni tanga la bure! Chora pembetatu kama ya J/105 na uweke jenoa la asilimia 150: badala ya mita 25 hivi za mraba unapata karibu 38. Nani angekataa? Wachoraji wote wakakimbilia huko, tanga kuu likasinyaa likawa kama kitambaa cha kuonyesha upepo unatoka wapi.

Kama ingekuwa jenoa peke yake nisingelalamika, maana lilinilisha. Kanuni hiyo ilifanya jambo baya zaidi. Iliipa nafuu mashua inayolala upesi, yaani isiyo na farumi ya kutosha, kwa kuwa iliihesabu kuwa ya polepole. Mchoraji mjanja akaona: nipunguze uzito wa mkuku, nipanue kiuno cha mashua ili isimame kwa upana wake, na mabaharia wakae ukingoni kama wale wa ubao wa Lamu. Alama zitashuka, vikombe vitakuja. Na vilikuja. Lakini mashua inayosimama kwa upana ina tabia moja ambayo haionekani siku ya jua: ikipinduka, inasimama vizuri vilevile ikiwa juu chini.

Mwezi Agosti 1979, mashua 303 zilianza mbio za Fastnet kutoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kwenda kuzunguka mwamba ulio kusini mwa Ayalandi na kurudi Plymouth, safari ya maili zipatazo 600. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba iliwakuta katikati. Mabaharia 15 walikufa. Mashua 24 zilitelekezwa na watu wake, tano kati ya hizo zikazama, na karibu 75 zilipinduliwa na mawimbi. Zilizomaliza mbio ni 85. Katika daraja la mashua ndogo kabisa, lenye mashua 58, iliyomaliza ni moja tu: Assent, Contessa 32 ya familia ya Willy Ker, na baadaye mwenyewe Ker aliiendesha mashua hiyohiyo hadi kwenye barafu za kaskazini na za kusini mwa dunia.

Watu hupenda kusema ilikuwa bahati, au ushujaa. Ushujaa ulikuwepo kwenye mashua zote. Kilichoitofautisha kimeandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Contessa ina uzito wa kilo 4,300 hivi, na kati ya hizo takriban kilo 2,040 ni farumi iliyomo kwenye mkuku. Yaani asilimia 47 ya mashua nzima iko chini, inaivuta isimame. Ni nyembamba, kwa hiyo ikipinduliwa haikai. Uchunguzi uliofanywa baada ya mbio zile uliipima na kukuta kwamba inaweza kulazwa hadi takriban nyuzi 155, mlingoti karibu uelekee chini kabisa ya bahari, na bado ikataka kurudi wima. Mashua ya mbio iliyolinganishwa nayo ilikata tamaa kabla ya nyuzi 120.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu Contessa, maana wapenzi wake huisifu kama mke mpya. Ndani ni finyu. Ukibisha kwenye mawimbi mafupi inakulowesha tangu omo hadi tezi, nawe huna pa kujificha. Jenoa lake halipendi kuviringwa nusu: ukiliviringa ili kulipunguza, tumbo linabaki katikati na kingo zinakuwa bapa, mashua inalala badala ya kwenda mbele. Ningeletewa moja na mtu wa hapa, jambo la kwanza ningemshauri alitoe jenoa la asilimia 150, nimshonee dogo la 110 kwa kitambaa kizito. Angepoteza kasi kidogo siku za matlai na asingeiona tofauti siku nyingine zote.

Wala asiogope kupoteza kasi. Mashua yenye mkuku mzito ina kikomo chake cha mwendo, na kikomo hicho kinatokana na urefu unaogusa maji, si ukubwa wa tanga. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Contessa inapata noti 6 na nusu hivi. J/105, yenye mita 8.99 majini, inapata noti 7.3, na kwa kuwa ni nyepesi, ina kilo 3,515 tu, inaweza kukivuka kikomo ikiteleza juu ya wimbi la nyuma. Contessa hubisha mlango huo bila kufunguliwa. Baada ya hapo kila kitambaa unachoongeza hakiongezi mwendo. Kinaongeza mlalo, kinaongeza mzigo wa usukani, na kinaniongezea mimi wateja. Upepo nao hauongezeki kwa hesabu ya watoto. Ukitoka noti 10 kwenda 20, nguvu yake kwenye tanga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Tanga lililokustarehesha saa nne asubuhi ndilo litakalokutupa saa nane mchana.

Na J/105? Farumi yake ni kilo 1,542, asilimia 44 ya uzito wote, na ni risasi iliyoshushwa hadi karibu mita mbili chini ya maji, kina cha 1.98 kwa mkuku wa kawaida. Huo ndio ustadi wa mchoraji aliyezingatia somo la 1979: uzito mdogo lakini uko chini sana, tanga kuu kubwa lakini linapungua kwa kamba mbili. Mtu mrefu huinama akiwa ndani, na jikoni hapapikiki pilau ya harusi. Sawa. Ni mashua ya mbio iliyokubali kulaza watu, ilhali Contessa ni mashua ya safari iliyokubali kushindana. Mimi ningechukua ya kwanza wakati wa kaskazi na ya pili wakati wa kusi, kama ningekuwa na fedha za hata mojawapo.

Turudi kwetu sasa, kwa sababu ndiko ninakotaka watu wasikilize. Pwani yetu kuanzia Mtwara hadi Lamu ina miamba iliyonyoka sambamba na nchi kavu. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka baharini kuelekea kwenye miamba hiyo. Mashua yoyote iliyo nje, miamba iko upande wake wa demani. Injini ikiwa hai, hakuna tatizo. Injini hufa. Hufa kwa dizeli chafu, kwa kipande cha wavu kilichojisokota kwenye rafadha, kwa kamba ya nailoni inayoelea. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 hapa Kenya ilitupunguzia balaa moja, nyavu zilizotupwa bado zimo. Injini ikifa na upepo unakusukuma mwambani, una njia moja tu ya kutoka, nayo ni kubisha.

Kubisha ndiko kushindana. Mbio za mashua, kokote zinakofanyika, hupimwa hasa kwa vipande vya safari vinavyokwenda kinyume cha upepo. Yoti iliyochorwa vizuri huelekea nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka. Ili upande maili moja kwenda juu upeponi, unasafiri maili 1.4. Mashua inayoishia nyuzi 60, kama lilivyo jahazi la kawaida, inasafiri maili mbili kwa kazi hiyohiyo, na wakati wote huo inateleza kidogo kidogo kwenda demani. Mwenye jahazi analijua hilo, tena analijua kutoka kwa babu yake, kwa hiyo haendi nje siku isiyofaa wala hapiti karibu na mwamba. Anayeniogopesha ni mwenye yoti ya kazi mbili ambaye ameinyang'anya kazi moja bila kujua: amefunga paa la turubai juu ya viti, ameongeza tangi la maji sitahani, matanga yana umri wa binti yake aliye chuo kikuu, na anadhani bado ana mashua iliyo kwenye tangazo la miaka ile.

Tanga kuukuu linastahili neno lake. Kitambaa kikichoka kinalegea, na tumbo la tanga ambalo fundi aliliweka mbele kidogo ya katikati husogea nyuma. Ukilitazama kutoka chini utaona. Tanga la namna hiyo linavuta mashua kwa ubavu kuliko linavyoivuta mbele. Nyuzi 45 zinakuwa 55, na hakuna namba ya mchoraji itakayokuokoa. Wateja wengi wakiona halijachanika wanasema zima. Jahazi la baba yangu nalo lilikuwa na tanga lenye viraka kila mahali, ila kitali kilikuwa bado kimekaza.

Kijana mmoja alikuja na yoti ya futi 34 aliyoinunua kwa mgeni aliyechoka na safari. Tanga kuu la asili lilikuwa limeoza, akapata la yoti ya futi 40, refu kuliko mlingoti wake. Akalikata chini kwa mkasi, akaniletea nilipinde. Kipande alichokikata ndicho kilichokuwa na matundu ya safu ya kwanza ya kupunguzia tanga, na safu ya pili sasa ilikuwa imeangukia mahali pasipo na maana.

"Fundi, pinda tu hapo chini, kazi ya nusu siku."

"Mwanangu, upepo ukizidi utalipunguzaje?"

"Nitaliteremsha lote niwashe injini."

"Injini ikizima?"

"Injini ni ya Kijapani, mzee."

Sikulipinda. Nilimwambia P ya mlingoti wake ni ngapi, nikamwonyesha kwa futi ya kupimia, na nikampa bei ya kulikata upya kutoka juu na nyuma, pamoja na safu tatu za kupunguzia. Akaona ghali, akaenda kwa cherehani nyingine. Sitataja alikokwenda wala kilichotokea. Hakuna aliyeumia, na mashua ipo nchi kavu mpaka leo ikiuzwa. Inalala watu sita.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya wazungu wenye fedha na klabu zao. Sikubali. Biashara ya kuwapeleka watalii kwa mashua za matanga inafanywa na vijana wetu, Kilifi, Watamu, Nungwi na Kizimkazi, na yoti kuukuu zinaendelea kubadilisha mikono. Huko zilikotoka, mashua mpya haiuzwi Ulaya bila kuwekwa katika daraja lake la bahari, kuanzia A ya bahari kuu hadi D ya maji yaliyojikinga, na daraja la A linataka mashua iwe na uwezo wa kurudi wima kutoka kwenye mlalo mkubwa, nyuzi zisizopungua 100 hata kwa mashua nzito kabisa, na zaidi kwa zilizo nyepesi. Hesabu hiyo hutoka kwenye farumi, upana na kina. Mgeni anapouza mashua yake hapa, karatasi yenye habari hizo mara nyingi imo kwenye droo ya meza ya ramani. Anayenunua hupokea funguo, hupokea jiko la gesi, hupokea hata mito ya vitanda, na karatasi inabaki ndani ya droo hadi mende wanaila.

Kina nacho kitawasumbua wasiokiuliza. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mashua ya pwani hukaa juu ya mchanga maji yakitoka, mwenyewe akaipaka sifa. Yoti yenye mkuku wa karibu mita mbili haikai, inaanguka kwa ubavu kama hukuipa magogo ya kuegemea. Muulize muuzaji kabla hujaiingiza kwenye hori lolote.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Wanunuzi: usitoe hata arubuni kabla hujaiona karatasi ya vipimo, na kama haipo, mlete fundi apime huku muuzaji akitazama. Bei itashuka, nakuhakikishia. Na wakaguzi wa vyombo vya baharini, wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, wa TASAC upande wa Tanzania Bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar: mnapokagua maboya ya kujiokolea na vizima moto kwenye mashua ya matanga ya abiria, ulizeni na ukurasa mmoja zaidi. Uwe na P, E, I na J. Uzito wote wa mashua. Uzito wa farumi. Kina cha mkuku. Na idadi ya safu za kupunguzia tanga kuu. Paa likiongezwa au mlingoti ukibadilishwa, ukurasa uandikwe upya. Asiyekuwa nao alete mashua yake Mtwapa maji yakijaa. Kushona nalipisha, kupima ni bure.